Buibui Nyumbani Nairobi: Ufagio, Silikoni, Dawa au Kumwacha Alipo?

Mtu anayetaka kupunguza buibui katika nyumba ya Nairobi atasikia ushauri wa kila aina kutoka kwa majirani, wauzaji wa hadiwea na vijana wanaopita mitaani na pampu za dawa mgongoni. Ushauri huo ukichujwa, hubaki njia chache tu zinazostahili kulinganishwa: kufagia, kuziba mianya, kubadilisha taa, kupulizia dawa, kutumia manukato, kutega kwa gundi, na kumwacha buibui afanye kazi yake. Nimezijaribu karibu zote katika nyumba mbili zisizofanana hata kidogo, kwanza ghorofa ya tatu ya jengo la kupanga huko Umoja, na sasa nyumba yenye ua na miti upande wa Lang'ata. Tena nimemsaidia dada yangu anayeishi katika nyumba ya mabati huko Kawangware. Hakuna njia niliyoiona kuwa bora kwa nyumba zote tatu, na fedha nyingi nimeona zikipotea pale mtu anapoanza na dawa kabla hajajua ni buibui yupi anayemsumbua na anapitia wapi.

Jambo la kushika kabla ya kulinganisha chochote ni kwamba buibui hafuati makombo wala sukari kama wafanyavyo mende na sisimizi. Chakula chake ni viumbe hai wanaotembea na kuruka: nzi, mbu, nondo, mende wachanga, na wakati mwingine buibui wenzake. Nyumba yenye buibui wengi kwa hiyo ni nyumba yenye wadudu wengi na maficho mengi, na njia yoyote isiyogusa mojawapo ya mambo hayo mawili itakuwa ya kurudiwa kila baada ya wiki chache. Ndiyo sababu ile dawa ya mende inayowekwa kwa matone pembeni mwa kabati haimfanyi buibui lolote moja kwa moja, kwa kuwa hana haja ya kuilamba.

Ni buibui yupi?

Katika nyumba za Nairobi wanaoonekana mara nyingi ni wa aina tatu au nne, na kila mmoja anahitaji jibu lake. Wa kwanza ni yule mwenye miguu mirefu na myembamba kama nyuzi, anayekaa kichwa chini katika pembe za dari na kutikisika kwa kasi ukimgusa. Huyu ndiye anayejaza nyumba utando unaonasa vumbi na masizi, na hana madhara kwa binadamu. Wa pili ni yule mpana na bapa anayebandikana na ukuta usiku, ambaye akishtuliwa hukimbia upandeupande na kupotea nyuma ya picha au saa ya ukutani. Huyu hategi utando, huwinda kwa mbio, na vile vibonge bapa vyeupe kama karatasi vinavyobandikwa ukutani mara nyingi ni vifuko vya mayai vya buibui wa namna yake. Wa tatu ni mrukaji mdogo mwenye macho makubwa mbele, anayeonekana mchana dirishani akiwavizia nzi.

Wa nne ndiye wa kuchukuliwa kwa uzito. Ni buibui wa kahawia wa jamii moja na yule anayeitwa mjane mweusi, na chini ya tumbo lake la mviringo ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu iliyobonyea katikati kama kiuno. Hupenda chini ya viti vya plastiki, kwenye ukingo wa vyungu vya maua, ndani ya sanduku la mita na nyuma ya mapipa ya taka. Alama yake ya wazi zaidi ni kifuko cha mayai, ambacho ni mpira mdogo wenye vijimiba pande zote. Ana haya, hamkimbilii mtu, na huuma anapobanwa. Maumivu yake kwa kawaida hubaki pale alipouma, lakini mtoto mdogo, mzee, au mtu yeyote anayepata mikazo ya misuli au maumivu yanayosambaa anapaswa kupelekwa hospitali bila kungoja asubuhi.

Wakazi wengi wa jiji hili huamka wakati wa mvua wakiwa na mstari wa malengelenge shingoni au usoni na kusema wamepitiwa na buibui. Mara nyingi mhusika ni nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli ni mdudu wa jamii ya mbawakawa, yaani wadudu wenye mabawa magumu, mwembamba, mwenye rangi nyeusi na nyekundu, asiyeuma wala kudunga. Sumu yake, iitwayo pederini, huingia kwenye ngozi anapopondwa, na dawa yake ni kumpeperusha badala ya kumpiga kofi, kisha kunawa kwa sabuni. Nalieleza jambo hili kwa sababu nimeona nyumba zikipuliziwa dawa chumba kwa chumba kwa ajili ya buibui ambaye hakuwa na kosa lolote, huku taa ya mlangoni iliyokuwa ikimwita huyo mdudu ikiachwa kuwaka usiku kucha.

Ufagio dhidi ya dawa

Hizi ndizo njia mbili ambazo watu wengi huzipima, na hapa ndipo tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Dawa ya kopo ya kupuliza inauzwa katika kila duka la mtaani na hufanya kazi mbele ya macho yako: buibui aliyelengwa moja kwa moja huanguka baada ya muda mfupi. Udhaifu wake uko katika kile kinachobaki ukutani. Mende hutembea akiburuza tumbo lake juu ya sakafu iliyopuliziwa, kisha hujisafisha kwa mdomo na kumeza sumu. Buibui hutembea kwa ncha za miguu na mwili wake umeinuka, na yule wa dari hukaa ndani ya utando wake bila kugusa ukuta kwa muda mrefu, kwa hiyo dawa iliyokauka juu ya rangi humfikia kidogo sana. Mayai nayo yamefunikwa kwa hariri nzito inayoyakinga na dawa. Kwa yule wa kahawia mwenye tumbo la mviringo, kifuko kimoja huweza kutoa watoto zaidi ya 100, na ukimuua mama ukaacha kifuko hujafanya kazi.

Ufagio wa mti mrefu unaondoa buibui, utando na kifuko cha mayai kwa mkupuo mmoja, na gharama yake hulipwa mara moja kwa miaka kadhaa. Sharti lake ni ratiba. Kule Umoja nilifagia dari kila Jumamosi kwa muda wa miezi miwili, na idadi ya tandabui mpya ilishuka mpaka ikatosha kufagia mara moja kwa mwezi, kwa sababu buibui anayeharibiwa mtego kila anapoutandaza hutumia nguvu nyingi bila kula, na mwishowe huhama au hufa. Vifuko vya mayai visikung'utwe dirishani; vitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, vipondwe, vitupwe. Aliye na mashine ya kufyonza vumbi ana nafasi bora zaidi, hasa nyuma ya makabati na chini ya vitanda, mradi aimwage nje ya nyumba mara tu anapomaliza.

Kuna mahali ambapo ufagio hushindwa. Yule bapa wa ukutani hana utando wa kufagia, na humkimbia mtu kabla ufagio haujafika. Kwake yeye glasi na kipande cha kadibodi hufaa zaidi: mfunike kwa glasi, pitisha kadibodi polepole chini yake, umtoe nje. Anayeogopa buibui sana huona njia hii kuwa mateso, na hofu hiyo ni ya kweli wala si utoto. Mtu wa namna hiyo amwombe mwenzake wa nyumbani, au atumie mashine ya kufyonza yenye mpira mrefu.

Kuhusu wapuliziaji wa kulipwa, lazima nitenganishe mambo mawili. Kwa kunguni na mende waliokwisha kuenea katika jengo zima, kazi yao ni ya lazima na naiheshimu. Kwa buibui peke yao, naona ni kutumia nyundo ya mawe kugongea msumari wa picha. Chakula na vyombo vifunikwe, watoto na wanyama watoke kwa saa kadhaa, nyumba ipitishwe hewa, na baada ya hayo yote buibui wapya huingia kupitia matundu yaleyale. Faida inayopatikana hutoka zaidi katika kufa kwa wadudu wanaoliwa na buibui, na faida hiyo hudumu mpaka wadudu watakaporejea. Katika ghorofa kuna tatizo jingine: mlango mmoja ukipuliziwa peke yake, mende huhamia kwa jirani, na baada ya mwezi hurudi.

Atakayeamua kutumia dawa hata hivyo, aitumie kwa busara. Dawa nyingi za nyumbani zina viambato vya jamii ya pairethroidi, ambavyo vimetengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, zao ambalo kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani kwa kuliuza kutoka mashamba ya Nakuru na Nyandarua. Jina hilo la shambani huwafanya watu waamini kwamba dawa hizo ni salama kabisa, na sivyo. Permethrini ni hatari kwa paka, ambao miili yao haiwezi kuivunja vizuri, na jamii yote ya pairethroidi huua samaki kwa urahisi. Kopo au chupa iwe na lebo yenye namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu nchini, na mpuliziaji aweze kukuonyesha chupa yenyewe na kukutajia kiambato chake. Zile dawa zinazouzwa kwenye vichupa visivyo na lebo, na zile za shambani zinazopimwa kwa kifuniko na kuuziwa watu wa mjini, zisiingie kabisa mahali ambapo watu wanalala.

Kuziba au kubadilisha taa?

Kama ningelazimika kuchagua mambo mawili tu na kuacha mengine yote, ningechagua haya, na yanahitaji kulinganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa kuwa gharama zake hazifanani.

Kuziba ni kazi ya siku moja inayodumu kwa miaka. Upenyo chini ya mlango unafungwa kwa kipande cha mpira kinachopigiliwa misumari au kubandikwa. Nyufa kati ya fremu ya dirisha na ukuta hujazwa silikoni. Tundu ambalo bomba la sinki au waya wa umeme hupitia huzibwa kwa saruji kidogo. Madirisha huwekewa wavu wa mbu. Wavu hauzuii watoto wa buibui waliotoka mayaini, kwa kuwa ni wadogo mno, tena wengine hupeperushwa na upepo kwa uzi wa hariri hadi ghorofa za juu, na ndiyo maana hata mtu wa orofa ya kumi huwakuta. Lakini wavu huzuia buibui wakubwa na, lililo muhimu zaidi, huzuia nzi, mbu na nondo ambao ndio sababu ya buibui kukaa.

Hapa lazima niseme kwa msisitizo jambo moja kuhusu vile vitundu vya hewa vilivyo juu ya madirisha katika nyumba nyingi za Nairobi. Watu huviziba kwa magazeti, nguo kuukuu au saruji, wakikusudia kuzuia buibui na baridi ya Julai. Katika chumba ambamo jiko la makaa huwashwa au gesi hutumika kupikia, kuviziba ni kuhatarisha maisha, kwa maana hewa ya kabonimonoksaidi haina harufu wala rangi na huua watu wakiwa usingizini. Vitundu hivyo vifunikwe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo, upigiliwe kwa ndani, na hewa iendelee kupita. Kipande kinachotosha vyumba viwili hununuliwa hadiwea kwa kiasi kidogo, na fundi hahitajiki.

Mpangaji anaweza kusita kuziba kwa sababu nyumba si yake. Silikoni na mpira wa mlango havihitaji ruhusa ya mtu, lakini wavu wa kudumu kwenye fremu na saruji yoyote ni vizuri kumwambia mwenye nyumba au keyateka kabla, kwani wengine hukubali kukata gharama kwenye kodi.

Taa, kwa upande mwingine, hugharimu bei ya balbu moja au mbili na matokeo yake huonekana mapema. Mwanga mweupe wenye ubuluu huwavuta wadudu kuliko mwanga wa manjano, na taa ya ulinzi inayowaka juu kabisa ya mlango huwakusanya pale pale unapofungua kuingia. Mvua za kwanza za masika zinaponyesha, kwa kawaida mwezi wa Machi, na tena zile za vuli kuanzia Oktoba, kumbikumbi hujaa kwenye taa hizo usiku mmoja, na buibui hujenga tandabui kuizunguka taa nzima. Huku Lang'ata nilihamisha taa ya mlangoni nikaiweka kwenye nguzo ya geti, ikimulika kuelekea mlango kutoka mbali, nikatia balbu ya manjano. Utando kwenye kizingiti ulikwisha karibu wote, ingawa ule wa getini uliongezeka, na huko haunisumbui.

Kwa mwenye ua, hesabu haijakamilika bila kutazama nje. Ua wa kayaba uliosongamana na ukuta, bugenvilia iliyopanda hadi paani, kuni zilizorundikwa nyuma ya jikoni, vigae vilivyobaki baada ya ujenzi na magurudumu kuukuu, vyote hivyo ni maskani ya buibui na wadudu wao. Mimea ikatwe iachane na ukuta kiasi cha mtu kupita, na kuni ziinuliwe kutoka ardhini mbali na nyumba. Kazi hii ifanywe kwa glavu na viatu vilivyofunika mguu, kwa sababu ndimo anamojificha yule wa kahawia.

Mnanaa, siki na gundi

Mafuta ya mnanaa yanasifiwa sana, na sifa hizo zina msingi kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima viambato vya asili vinavyodaiwa kufukuza buibui, ukakuta kwamba mafuta ya limau hayakuwa na athari, ilhali mafuta ya mnanaa yaliwafanya baadhi yao waepuke mahali yalipopakwa. Hata hivyo harufu hupotea upesi katika nyumba yenye hewa inayopita, na kununua chupa baada ya chupa huishia kuwa ghali kuliko wavu. Yafaa kwa kabati la nguo au droo, hayafai kwa nyumba nzima. Siki hufaa kusafishia vioo na haidumu. Mafuta ya taa, ambayo watu wengine hupaka pembeni mwa kuta za mbao na mabati, ni hatari ya moto, na katika vyumba vilivyobanana mitaani hatari hiyo si ya mwenye nyumba peke yake.

Mitego ya gundi, ikiwa pamoja na ile ya panya, humkamata buibui anayetembea sakafuni lakini haimfikii yule wa dari. Pia hunasa mijusi kafiri, ambao hula wadudu usiku kucha, kwa hiyo mara nyingi unapoteza msaidizi kwa ajili ya buibui mmoja. Naitumia sehemu moja tu, nyuma ya mlango wa stoo, kujua ni nani anayeingia.

Kumwacha alipo

Kuna wanaochagua kutofanya lolote, na ulinganisho usiowapa nafasi hautakuwa wa haki. Rafiki zangu Waislamu wa Pangani hawamuui buibui, kwa kukumbuka masimulizi ya utando uliofunika mdomo wa pango la Thaur wakati Mtume alipojificha ndani, na nyumba zao ni safi kuliko nyingi. Huondoa utando na kumtoa mwenyewe akiwa hai. Wataalamu wa wadudu nao wana sababu zao. Kando ya Ziwa Viktoria, pande za Kenya na Uganda, yuko buibui mrukaji aitwaye Evarcha culicivora anayependelea mbu jike waliokwisha kunywa damu, na utafiti juu yake umefanywa katika kituo cha Mbita cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ambayo makao yake makuu yako Kasarani hapa Nairobi. Huyo haishi dirishani kwetu, lakini warukaji wa hapa hukamata nzi na mbu kila siku, na mimi huwaacha.

Kumwacha kuna mipaka. Chumba cha mtoto mchanga, kitanda, viatu na nguo zinazokaa mlangoni si mahali pa kuachia buibui yeyote, na yule wa kahawia mwenye vifuko vya vijimiba haachwi popote ambapo mkono wa mtu hupita.

Nyumba gani, njia gani

Kwa ghorofa ya kupanga, ningeanza na ufagio wa kila wiki kwa miezi miwili, mpira chini ya mlango, na wavu juu ya vitundu vya hewa, nikiacha dawa kabisa isipokuwa jengo zima limekubaliana kupiga vita mende. Kwa nyumba yenye ua, taa na mimea hutangulia ufagio, na viti vya nje vipinduliwe na kukaguliwa kila mwezi kabla watoto hawajavikalia.

Nyumba ya mabati ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mianya kati ya bati na mbao haihesabiki na hakuna silikoni itakayoimaliza. Kwa dada yangu tuliacha kujaribu kuziba kila kitu. Tulisogeza kitanda mbali na ukuta kiasi cha shibiri mbili, tukafunga neti ya mbu na kuikunjia chini ya godoro pande zote, tukaondoa masanduku yaliyokuwa chini ya kitanda, na viatu vya watoto tukavitundika kwenye misumari ndani ya mfuko unaofungwa. Buibui bado wako kwenye paa, lakini watoto wanalala, na kila asubuhi dada huwakung'utia viatu mlangoni kabla hawajaenda shule.